Historia ya Magenge ya Mitaani ya Chicago na Mafunzo Yake kwa Wazazi



Shukrani zote anastahiki Allah (SWT), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada.

Ndugu wasomaji, wiki chache zilizopita tulimwona mmoja wa wanafunzi wetu wa darasa la juu ameandika kwa kalamu nene juu ya begi lake la kubebea juzuu maneno haya: O Block. Tulimuuliza maana yake. Akatujibu, "Ni mtaa wa Marekani, ustadhi. Kule wako wanaume kweli." Tukamuuliza, hiyo herufi O ni ya nini? Hakujua. Wenzake nao hawakujua, ingawa wote walikuwa wamelisikia jina hilo kwenye nyimbo za simu.

Baadhi ya wazazi tulipowaeleza walitaka begi lichomwe moto na kijana achapwe. Sisi tuliona kwamba begi litaungua lakini jina litabaki kichwani. Mtoto akipenda jambo asilolijua, dawa yake ni kujulishwa. Kwa hiyo tulikaa tukasoma historia ya mji wa Chicago na magenge yake, na hapa tunawaletea kwa ufupi yale tuliyoyapata. Hiyo herufi O tutairudia mwishoni, Insha-Allah.

MAGENGE HAYAKUANZA NA WATU WEUSI

Jambo la kwanza ambalo vijana wetu hawalijui ni kwamba magenge ya Chicago ya mwanzo yalikuwa ya watu weupe. Mji ule ulikua haraka mno katika karne ya 19. Machinjio makubwa ya Union Stock Yards yalifunguliwa mwaka 1865, vikafuata viwanda vya chuma kando ya ziwa Michigan, na watu wakamiminika kutoka Ireland, Poland, Italia na kwingineko kutafuta riziki. Walikaa katika nyumba duni karibu na viwanda, na watoto wao wakakulia mitaani.

Mwaka 1927 mtafiti mmoja aitwaye Frederic Thrasher alichapisha kitabu kuhusu magenge ya mji huo. Alihesabu magenge 1,313. Wengi wa wanachama wake walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya.

Vijana hao hawakuwa watoto wapole. Mwezi wa Julai mwaka 1919 kijana mweusi wa miaka 17 alizama ziwani baada ya mtu mweupe kuwarushia mawe yeye na wenzake waliokuwa wakiogelea. Fujo zikalipuka kwa siku kadhaa. Watu 38 waliuawa, 23 kati yao weusi na 15 weupe, na zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Tume iliyoundwa kuchunguza ilieleza kwamba makundi ya vijana weupe, yaliyojiita vilabu vya michezo, yalikuwa na mkono mkubwa katika mauaji yale. Moja ya vilabu vilivyotajwa liliitwa Hamburg. Miongoni mwa wanachama wa klabu hiyo alikuwemo kijana Richard J. Daley, ambaye baadaye alikuwa rais wake. Haikuthibitishwa kwamba yeye alishiriki fujo zile. Lakini mwaka 1955 alishika umeya wa Chicago na hakuuachia mpaka alipofariki mwaka 1976.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Yale magenge ya Waairishi na Wapolishi yalikwenda wapi? Hayakumalizwa na jela peke yake. Vijana wake walikua, wakapata kazi kwenye machinjio na viwanda, wakaingia katika jeshi la polisi, zimamoto na ofisi za halmashauri, wakaoa, wakanunua nyumba. Mwenye mshahara na hati ya nyumba hana muda wa kulinda kona ya barabara. Kulikuwa na mlango wa kutokea, nao wakatoka.

WALIOFIKA MLANGO UKIFUNGWA

Kuanzia miaka ya vita vya kwanza vya dunia mpaka takriban mwaka 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo ya kusini, wakikimbia dhulma na umaskini wa mashamba ya pamba. Chicago ilikuwa moja ya miji waliyoikimbilia zaidi. Kazi walizipata, lakini nyumba walizuiliwa. Wenye nyumba weupe waliandikiana mikataba ya kutowauzia watu weusi, na mahakama kuu ya Marekani haikuiondolea mikataba hiyo nguvu mpaka mwaka 1948. Hata baada ya hapo, mabenki yalikataa kukopesha katika mitaa wanayokaa watu weusi.

Mfano ulio wazi ni mtaa wa North Lawndale, upande wa magharibi wa mji. Mwaka 1950 wengi wa wakazi wake walikuwa weupe, hasa Mayahudi. Kufikia mwaka 1960 takriban tisa katika kila kumi walikuwa weusi. Madalali waliwatia hofu wazungu wauze kwa bei ya kutupa, kisha nyumba zile zile wakawauzia watu weusi kwa bei iliyopanda sana, mara nyingi mara mbili. Na kwa kuwa benki haikuwakopesha, walinunua kwa mkataba wa ajabu: mnunuzi analipa kila mwezi kwa miaka mingi, lakini hati inabaki kwa muuzaji mpaka awamu ya mwisho. Ukikosa awamu moja tu, unatolewa nje na kila ulicholipa kimepotea. Kisha nyumba inauzwa kwa mwingine kwa mtindo ule ule.

Sisi tunaofundisha fiqhi ya biashara tunajua jina la jambo hili. Ni dhulma. Baba na mama walifanya kazi zamu mbili ili wasipoteze nyumba, na watoto wakabaki barabarani. Katika mtaa huo huo ndipo lilipokita mizizi genge la Vice Lords, ambalo lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na vijana waliokutana ndani ya jela ya watoto. Upande wa kusini, mtaa wa Woodlawn, likazaliwa genge la Blackstone Rangers, lililopata jina lake kwa barabara ya Blackstone.

Mwaka 1966 Martin Luther King alihamia katika nyumba ya kupanga pale North Lawndale ili kuupigania haki ya makazi. Aliwaita vijana wa magenge, akazungumza nao, na baadhi yao wakatembea katika maandamano yake wakiwa walinzi, wakipigwa mawe bila kurudisha. Tarehe 5 Agosti mwaka huo King mwenyewe alipigwa jiwe la kichwa katika maandamano ya Marquette Park. Baada ya hapo Vice Lords walijisajili kama jumuiya halali, wakapata misaada kutoka mifuko mikubwa kama ule wa Rockefeller, wakafungua duka la aiskrimu, chumba cha maonyesho ya sanaa na ofisi ya kutafutia vijana kazi.

Hatutaki kupamba. Wapo waliokula fedha za miradi ya namna hiyo, na kiongozi wa Blackstone Rangers, Jeff Fort, alifungwa mwaka 1972 kwa kosa la kuchezea fedha za serikali. Uhalifu haukukoma. Lakini mlango uliokuwa umeanza kufunguka ulifungwa kwa wote, wema na waovu. Mwaka 1969 meya Daley, yule yule wa klabu ya Hamburg, alitangaza vita dhidi ya magenge. Misaada ikakauka na viongozi wengi wakaingia jela.

MJI UNABADILISHA KAZI

Sasa tunafika kwenye kiini cha maelezo yetu. Wakati vijana hao wanafungwa, kazi zenyewe zilikuwa zinahama.

Machinjio ya Union Stock Yards yalifungwa mwaka 1971. Kampuni ya Sears, iliyokuwa na makao makuu yake North Lawndale, ilihamia katikati ya mji miaka ya 1970 katika jengo refu kuliko yote duniani wakati huo. Kiwanda cha Hawthorne, jirani na mtaa huo, ambacho kiliwahi kuajiri zaidi ya watu 40,000 kutengeneza simu na vifaa vyake, kilifungwa mwaka 1983. Kiwanda cha chuma cha Wisconsin Steel kilifungwa ghafla mwezi Machi 1980, na zaidi ya wafanyakazi 3,000 wakajikuta hawana kazi. Na kiwanda cha South Works, kilichowahi kuwa na wafanyakazi wapatao 20,000, kilizimwa mwaka 1992.

Je, Chicago ilikuwa maskini? Hapana. Mwaka huo huo wa 1992 soko la biashara la mji huo lilizindua mtambo uitwao Globex, ambao watu wanautumia kununua na kuuza kwa kompyuta kutoka popote duniani. Mji ulikuwa umeacha kuuza nyama na chuma, ukaanza kuuza taarifa. Na mwaka huo huo wa 1992 watu zaidi ya 900 waliuawa katika mitaa yake.

Liko jengo moja linaloeleza habari yote. Kiwanda cha uchapaji cha Donnelley kilijengwa upande wa kusini wa mji kuanzia mwaka 1912. Humo vilichapwa vitabu vya simu na vile vitabu vinene vya bidhaa za Sears, kwa mikono ya mafundi wengi. Mwaka 1993 Sears iliacha kuchapa kitabu chake, na mashine zikanyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jengo likageuzwa kuwa ghala la kompyuta za mtandao, moja ya maghala makubwa ya aina hiyo duniani. Jengo ni lile lile na thamani yake imepanda. Ila mafundi waliokuwa wakipanga foleni asubuhi mlangoni hawahitajiki tena, na mtoto wa fundi hana njia ya kuingia.

Mtaalamu Manuel Castells, aliyeandika vitabu vitatu juu ya zama hizi kati ya mwaka 1996 na 1998, alieleza kwamba uchumi wa mtandao huunganisha watu na mahali penye thamani kwake, na mengine huyaruka, hata kama yako mtaa wa pili. Chicago ni shahidi. Mwaka 2010 kampuni moja ilikamilisha mkongo wa mawasiliano wa zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Chicago mpaka karibu na New York. Inakadiriwa uligharimu dola milioni 300, na faida yake ilikuwa kupunguza safari ya taarifa za soko kwa takriban sehemu tatu za elfu moja ya sekunde. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, mji huo huo ulifunga shule za umma zipatazo 50, nyingi mno katika mitaa ya watu weusi, kwa hoja kwamba fedha hazitoshi na wanafunzi wamepungua.

BIASHARA YA MAUTI

Panapokosekana kazi ya halali, shetani halali. Kando ya barabara ya State yalikuwepo majumba 28 ya ghorofa 16 kila moja, yaitwayo Robert Taylor Homes, yaliyokamilika mwaka 1962. Yalijaa familia maskini, wengi wao watoto. Katika miaka ya 1980 kokeini ya kuvuta ilipoingia, magenge yakageuka kuwa makampuni ya kuuza dawa za kulevya.

Vijana wetu wanadhani huko kuna utajiri. Watafiti wawili, Sudhir Venkatesh na Steven Levitt, walipata daftari la hesabu za tawi moja la genge na wakachapisha uchunguzi wao mwaka 2000. Mkubwa wa tawi alipata fedha nyingi. Lakini kijana wa chini, yule anayesimama kwenye kona usiku wa baridi, alipata takriban dola 3.30 kwa saa, pungufu ya mshahara wa chini wa kisheria wa wakati huo. Na kila mwaka takriban 7 katika kila 100 ya vijana hao waliuawa. Genge lililosema linaupinga mji usio na haki lilijenga ndani yake dhulma ile ile: wachache juu wanakula, wengi chini wanakufa.

Lipo pia jambo linalotugusa Waislamu. Jeff Fort alipotoka jela katikati ya miaka ya 1970 aliliita genge lake El Rukn. Msomaji aliyekwenda Hijja anajua rukn ni nini, ile pembe ya Al-Kaaba yenye Jiwe Jeusi. Walijipa majina ya Kiarabu, wakaigeuza sinema ya zamani kuwa makao yao, wakasema wameingia katika dini. Lakini dawa za kulevya ziliendelea kuuzwa na damu iliendelea kumwagika. Mwaka 1987 Fort alipatikana na hatia ya kula njama na Libya kufanya ugaidi ndani ya Marekani kwa malipo, akahukumiwa kifungo cha miaka 80. Jengo lao likabomolewa mwaka 1990. Jina la dini bila ya dini halikumwokoa hata kijana mmoja.

NA SASA SIMU

Robert Taylor Homes zilibomolewa, na jengo la mwisho lilianguka mwaka 2007. Watu walitawanywa, viongozi wa zamani wako jela, na magenge makubwa yakavunjika vipande vipande. Leo genge linaweza kuwa vijana wachache wa barabara moja.

Kwa muda mrefu mtandao uliiruka mitaa hiyo. Karibu na mwaka 2010 vijana wa upande wa kusini walipata mlango mmoja wa kuingilia: muziki wa drill. Walijirekodi nyumbani wakishika bunduki, wakawatukana maadui na kuwacheka waliouawa kwa majina yao, wakaweka YouTube. Kadiri tusi linavyokuwa chungu ndivyo watazamaji wanavyoongezeka. Aliyetukanwa anajibu saa ile ile, na mara nyingine jibu lake ni risasi. Wachache sana walipata mikataba ya fedha. Wengi waliambulia umaarufu na makaburi, huku faida ya matangazo ikienda kwa makampuni yaliyo mbali na mitaa yao. Mtindo huo ukaenea London, New York mpaka Nairobi, na ndivyo ulivyofika kwenye begi la juzuu. Mwaka 2016 waliuawa watu zaidi ya 750 Chicago, na mwaka 2021 karibu 800. Alhamdulillah, idadi imeshuka tangu hapo, na mwaka 2024 ilikuwa chini ya 600.

Na ile herufi O? O Block ni sehemu ya majengo ya Parkway Gardens, yaliyokamilika miaka ya 1950 kwa ajili ya familia za kazi. Michelle Obama, mke wa rais wa zamani, aliishi hapo akiwa mtoto mchanga. O ni herufi ya kwanza ya jina la kijana wa miaka 20 aliyepigwa risasi akafa mwaka 2011. Wenzake walimwekea jina lake kuwa ukumbusho.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusiseme genge ni damu ya kabila au rangi fulani. Waairishi walikuwa nayo magenge wakatoka kwa sababu palikuwa na kazi, nyumba na nafasi. Hata hivyo umaskini hauhalalishi kuua. Vijana wengi wa North Lawndale walikuwa maskini vile vile na hawakumwua mtu yeyote.

Pili, vijana kuungana si dhambi. Mtume wetu (SAW) kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudhul, pale mfanyabiashara mgeni alipodhulumiwa Makka na wenye murua wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa. Kijana anatafuta wenzake, heshima na jambo la kulipigania. Asipovipata kwetu atavipata kwenye kona.

Tatu, tujihesabu wenyewe. Katika mitaa hiyo hiyo ya Chicago, maduka mengi ya kona yalikuwa ya Waislamu wenye asili ya Kiarabu, na baadhi yao waliuza pombe na vyakula visivyofaa kwa majirani zao maskini. Ni Waislamu wenzao waliosimama kuwakosoa. Jumuiya ya IMAN, iliyoanzishwa mwaka 1997 chini ya uongozi wa Rami Nashashibi, iliwafuata wenye maduka hayo, ikawafundisha ufundi wa ujenzi vijana waliotoka jela, na mwaka 2022 ikafungua duka la vyakula bora katika mtaa wa Englewood. Mwaka 2016 waliweka mnara wa ukumbusho Marquette Park, pale pale ambapo King alipigwa jiwe. Hiyo ndiyo da'wa inayoonekana kwa macho.

Sasa tujiulize sisi: kijana wetu akihitimu juzuu thelathini, anakwenda wapi kesho yake? Je, wenye maduka na gereji katika jamaa yetu wameshachukua hata kijana mmoja kumfundisha kazi? Zaka na sadaka zetu zinamfikia wakati angali darasani, au tunasubiri afungwe ndipo tuchange pesa za wakili?

Tulimwita yule mwanafunzi wetu tukamsimulia habari hizi zote. Hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza, "Ustadhi, huyo aliyekufa alikuwa na mama?" Tukamwambia, kila kijana ana mama. Juma iliyofuata alikuja na begi limesuguliwa kwa sabuni, alama ya wino bado inaonekana kidogo. Tulimwachia alama hiyo. Na kazi yake ya kesho bado hatujamtafutia. Hilo ni deni letu sisi wazazi na walimu.

Tunamuomba Allah (SWT) awahifadhi vijana wetu, atufungulie milango ya halali, na atujaalie tuwe sababu ya kuwafungulia wengine. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.